Mwanamke Aliyewanyoa Makaisari

"Shoga, wewe umewashika wote masikio. Hebu niambie leo, Kaisari mwema ni yupi na mbaya ni yupi?"

Swali hilo Rustika, mke wa dobi, alimwuliza jirani yake Obelia asubuhi moja, wakiwa kwenye ukuta mfupi uliogawanya nyua zao. Upande wa Rustika kulikuwa na mapipa ya kufulia na ile harufu ya mkojo wa kung'arishia nguo ambayo mtaa mzima ulishaizoea. Upande wa Obelia kila kitu kilikuwa cheupe kwa vumbi la marumaru, hata kuku.

"Mwema ni mwenye pua kubwa," alisema Obelia.

Rustika alicheka mpaka joho la mtu likamponyoka likarudi ndani ya pipa. "Na mbaya?"

"Mwenye pua ndogo. Anayemfuata atapata wapi jiwe?"

Hakuwa anatania, ila alisema kwa upole wake ule ule ambao ulifanya watu wasijue wacheke au wanyamaze. Na wakati Rustika anainama kulitafuta joho, macho ya Obelia yalikuwa yamekwenda kwenye jiwe moja lililoegemea ukuta wa karakana, limefunikwa gunia. Jiwe hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Obelia alizaliwa kwa watu wa marumaru na akaolewa na mtu wa marumaru. Mume wake, Mamerko, alikuwa fundi wa sanamu, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na maneno machache. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, Obelia alizishika patasi akawa anachonga nyuso, na Mamerko akawa anapokea sifa. Hakuna aliyeona ubaya, na wao wenyewe waliliona ni jambo la kuchekea wakati wa kula. Kazi nzito ya kupasua mawe aliifanya Filero, aliyekuwa mtumwa wao zamani, wakamwacha huru, naye hakwenda popote.

Kila alfajiri, kabla ya kugusa nyundo, Obelia aliweka unga kidogo na chumvi jikoni kwa miungu ya nyumba, akaomba mambo madogo: vumbi lisimkae mume wake kifuani, na kazi ipatikane. Ombi la pili lilijibiwa.

Mji wao, kama miji yote iliyo kando ya njia kuu ya Roma, ulikuwa na sanamu ya Kaisari sokoni. Iliwekwa enzi za yule wa nywele za mawimbi, wakati baraza la mji lilikuwa na fedha na halikuwa na akili. Basi waliagiza mwili mkubwa mara mbili ya mtu, umevaa vazi la vita, kifua kimejaa simba na tai. Kichwa kilichongwa peke yake, kikatiwa kwenye shimo la shingo kama kizibo kwenye mtungi, na sanamu nzima ikasimamishwa ndani ya shubaka la ukuta. Mamerko ndiye aliyekichonga. Kwa kuwa kisogo kingetazama ukuta milele, hakukishughulikia. Alikiacha kinene na chenye mabonge, kama mafundi wote wanavyofanya. Nani hupoteza nguvu zake kwa ajili ya ukuta?

Kisha habari ikaja kwamba yule wa mawimbi ameanguka, na wakubwa wa Roma wameamuru jina lake likwanguliwe kila mahali. Mkuu wa baraza, mheshimiwa Pediano, alifika karakana kabla jua halijapanda.

"Mamerko, yule mtu alikuwa mbaya sana," alisema, akipangusa benchi kabla ya kukaa. "Mimi nilikuwa nasema tangu zamani."

Rustika alikuwa ukutani anaanika. "Ulikuwa unamwambia nani, mheshimiwa? Maana mwezi uliopita ulitukusanya sote tukamchinjia fahali."

"Nilikuwa nasema moyoni," akajibu Pediano. "Sasa tumepata mwema. Mzee, ana upara, ana hekima. Kichwa kipya kitatuchelewesha, na mji unaochelewa kushangilia hufikiriwa vibaya. Mwondoeni nywele yule."

Mafundi wa miji mingine, kichwa kama hicho wangekianza kwa kukitoboa macho, na umati ukishangilia. Obelia hakuweza. Yeye alianza na nywele, polepole, kama mtu anayemnyoa mgeni, akinong'ona, "Unisamehe, baba, ni kazi tu." Mawimbi yakaondoka, mashavu yakapungua, makunyanzi yakaingia. Mamerko aliketi kando anakohoa, akimwonyesha kwa kidole pa kupunguza. Ikawa sura ya mzee mwenye uchungu wa tumbo. Watu waliokuwa wamefika Roma walisema ndiye kabisa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya mwisho pamoja. Baridi ilipoingia, kifua cha Mamerko kilishindwa. Kabla hajafa alimwonyesha mke wake lile jiwe la chini ya gunia. Lilikuwa marumaru nyeupe, safi, isiyo na mshipa, aliyoipata kama malipo ya kazi ya miaka mingi kwa tajiri mmoja, na hakuwahi kumtajia mtu bei yake.

"Lile ni letu," alisema. "Mimi na wewe, bega kwa bega, pale njiani nje ya lango. Lakini unichonge kama nilivyo, mke wangu. Usinichonge kama mtu mwingine."

Obelia akaahidi. Majivu ya Mamerko yakawekwa ndani ya chungu, chungu kikawekwa karibu na jiko, na Obelia akasema moyoni kwamba zikifika siku za kuwatembelea wafu, mume wake atakuwa na mahali pake na uso wake.

Siku za wafu zilipokaribia, Pediano akaja.

"Yule mzee alikuwa mbaya sana," alisema. "Mchoyo. Wamemwua sokoni kule kule Roma. Nilikuwa..."

"Unasema moyoni," Rustika akamsaidia kutoka ukutani.

"Sasa tumepata kijana. Mtanashati, mwenye nywele nzuri."

Obelia aliutazama upara aliouchonga mwenyewe. "Mheshimiwa, jiwe likishatoka halirudi. Nywele nitazitoa wapi?"

"Wewe ndiye fundi."

Basi alisugua makunyanzi, kichwa kikazidi kupungua, kisha akakoroga chokaa na unga wa marumaru akatengeneza nywele, akazibandika juu ya ule upara. Pediano aliziangalia kwa wasiwasi.

"Hizi ni za kubandika?"

"Nasikia hata zake ni za kubandika, mheshimiwa."

Pediano alitazama huku na huku kama kuna aliyesikia, kisha akasema basi, zitafaa. Kazi ile ilikula siku za wafu zote. Watu walitoka lango la mji wakibeba mikate, chumvi na maua ya urujuani, wakakaa kwenye makaburi ya wazazi wao, na Mamerko akabaki ndani ya chungu, jikoni. Obelia alimpelekea mkate hapo hapo. "Mwakani," alimwambia. "Mwakani bila kukosa."

Sherehe ya kichwa kile ilicheleweshwa mpaka hali ya hewa itengemae. Ilipofika, Pediano alivaa joho lililofuliwa kwa Rustika likawa jeupe kama maziwa. Alimimina mvinyo, akatia uvumba motoni, akainua mikono. "Kaisari wetu mwema aishi miaka mingi," alisema, na mji mzima ukaitikia.

Nyuma ya umati alisimama kaka yake Rustika, aliyefika dakika ile ile kutoka njia kuu na nyumbu wake wenye mizigo ya zeituni. Alikuwa mtu asiyejua kunong'ona. "Mheshimiwa," aliuliza, "yupi? Maana yule wa nywele za bandia ameshachomwa na kuzikwa. Alijiua mwenyewe. Sasa kuna mwingine."

Uvumba ukaendelea kufuka. Hakuna aliyejua kama azime moto au auache. Pediano alifikiri kidogo, mikono bado iko juu.

"Huyo huyo mwingine," alisema. "Aishi miaka mingi."

Yule mwingine alikuwa mnene, na hapo ndipo balaa la Obelia lilipoanzia. Kichwa kilikuwa kimechongwa mara tatu. Kilikuwa kimebaki kama komamanga kubwa juu ya mabega ya jitu, na watoto wa sokoni walishaanza kukicheka kwa maneno ambayo wazazi wao waliwakataza kuyasema.

"Yanatakiwa mashavu," alisema Pediano, amesimama katikati ya karakana. "Na kidevu. Videvu, tuseme."

"Hapa hapatoki shavu hata moja," Obelia alimwonyesha. "Nikigusa tena, napasua."

Pediano akatembea. Akafika kwenye gunia, akalifunua kwa ncha ya fimbo yake, akapiga mluzi kidogo. "Mbona hili lipo?"

Filero akaweka nyundo chini. "Hilo ni la marehemu."

"La marehemu," alisema Pediano kwa sauti nzuri, kana kwamba analia. "Mamerko angejivunia. Mtu mnyenyekevu kama yule, jiwe lake liwe uso wa Kaisari. Baraza linaliomba, mama Obelia. Keshokutwa nitaleta watu walibebe, maana nyie wawili hamtaliweza."

Alipoondoka, Rustika alipanda ukuta mzima akaja kukaa upande wa pili, jambo ambalo kwa umri wake na unene wake halikuwa dogo. "Wakisema baraza linaomba," alisema, "ujue limeshachukua."

Obelia akainuka. Alikwenda jikoni akaweka unga na chumvi, akakaa mbele ya chungu muda mrefu. Hakuomba Pediano afe, ingawa Rustika alishapendekeza. Aliomba aonyeshwe namna. Kisha akarudi kwenye benchi, akakichukua kile kichwa kukifuta vumbi, kwa mazoea tu, na vidole vyake vikapita nyuma.

Kisogo. Kisogo alichokiacha Mamerko, kinene, chenye mabonge, ambacho hakuna patasi iliyokigusa tangu siku za mawimbi. Shavu lilikuwepo. Videvu vilikuwepo.

"Filero," aliita, "njoo uone bwana wako alichotuachia."

Waliufanya uso wa yule mnene kisogoni. Ukatoka mzuri, umejaa, umeshiba, na kipua kidogo katikati. Kisha wakakitia kichwa kwenye shimo la shingo kwa kukigeuza, mnene akitazama soko na yule kijana wa nywele za chokaa akitazama ukuta. Pediano alizunguka mbele ya shubaka, akaona mashavu, akaelezwa yametoka wapi, akaridhika. Jiwe la Mamerko likabaki chini ya gunia lake.

Kiangazi kikapita, mavuno yakaingia. Obelia alikuwa na viporo vya kazi za watu, vizingiti na mabirika, akisema baridi ikija atafunua gunia. Baridi ikaja, na Pediano akaja nayo.

"Yule mnene alikuwa..."

"Mbaya sana," walisema Obelia, Filero na Rustika kwa pamoja.

"Mlafi," alimaliza Pediano bila haya. "Huyu wa sasa ndiye mwema hasa. Mtu wa kawaida, ukoo wa mashambani, askari. Mzee, upara, makunyanzi. Na anatuma mjumbe apite mji kwa mji kuona nani anampenda na nani anajifanya. Sasa hapo, mama, hatufanyi utani tena. Mbele kumekwisha, nyuma kumekwisha. Lile jiwe naona siku yake imefika."

"Mzee na upara," Obelia alisema taratibu. "Mheshimiwa, nipe kesho tu."

Kilichofuata kilikuwa rahisi kuliko kutwanga dengu. Alikichomoa kichwa, akakigeuza, akazigonga zile nywele za chokaa kwa mpini wa nyundo. Zikaanguka zote pamoja kama kofia, na chini yake upara ukatokea, vile vile alivyouacha. Makunyanzi nayo hayadai jiwe, ni kuchimba tu. Aliyachimba. Mkulima akawa tayari kabla ya chakula cha mchana.

"Na huu wa nyuma?" aliuliza, akionyesha yale mashavu. "Niukwangue?"

Pediano alikunja uso. Alikwenda mlangoni akachungulia nje, akarudi. "Uache kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Huwezi jua."

Kisha akaongeza, akilitazama gunia, kwamba hata hivyo jiwe lile asilifanyie jambo lolote. Baraza lilikuwa linafikiria kuuweka uso wa mtu fulani sokoni, kumshukuru kwa kusimama imara na Kaisari nyakati zote hizi ngumu. Obelia alimwuliza ni mtu gani. Pediano akasema jina lake halijaamuliwa, lakini akageuza uso upande, ili pua yake ionekane vizuri.

Basi ilibaki hivyo. Siku za wafu zilikuwa zimekaribia tena, na Obelia alikuwa amemwahidi mtu aliye ndani ya chungu.

Mjumbe alifika siku ya ukungu. Alikuwa askari wa zamani, mzito, mwenye magoti mabovu na macho ya mtu aliyelala vibaya njiani. Alikuja na shada la majani ya mlaureli, kubwa, la kuvishwa sanamu kwa mkono wake mwenyewe. Mji ulijipanga. Obelia aliitwa asimame mbele pamoja na baraza, kwa vile yeye ndiye fundi, na kosa likitokea lisikose mwenyewe.

Mjumbe akapanda ngazi, akanyoosha mikono, akaliweka shada juu ya kichwa. Shada lilikuwa la kichwa cha mtu. Kichwa kilikuwa kile cha komamanga. Likateremka taratibu, likapita kipaji, likapita macho, likakwama puani. Hilo wengi walilitarajia. Ambalo hawakulitarajia ni kwamba hata nyuma halikuanguka. Lilikaa sawasawa pande zote, kama sahani juu ya meza.

Mjumbe alilitazama. Akapeleka mkono nyuma ya kichwa, kwenye giza la shubaka, akapapasa. Vidole vyake vikasimama juu ya pua nyingine.

"Huyu wa nyuma ni nani?" aliuliza.

Pediano akapiga hatua mbele.

"Fundi yupo hapa," alisema Pediano haraka. "Ni mwanamke, bwana, mjane. Huzuni imemvuruga."

Mjumbe akashuka ngazi, goti kwa goti, akaja mpaka alipo Obelia. "Mama, kwa nini hukuukwangua ule uso?"

Obelia alimwangalia Pediano. Pediano alikuwa mweupe kuliko jiwe lolote lililowahi kupita kwenye karakana ile, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Neno moja tu lingetosha kummaliza, nalo lilikuwa la kweli. Obelia aliliacha lilipo.

"Ni jiwe, bwana," alisema. "Nikikwangua nyuma, kichwa kitabaki chembamba kama kigae. Sasa akija mwingine..."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Rustika, katikati ya umati, alifunika uso kwa mikono miwili.

"Akija mwingine," mjumbe alirudia.

"Wamekuja wanne tangu mume wangu alipoanza kukohoa, bwana. Mimi sikuwaita. Nawatengeneza wakija."

Yule askari aliutazama mkono wake wa kulia. Kisha akasogea karibu, na alilosema walilisikia Obelia na Pediano tu. "Hao wote wanne nimewaapia," alisema. "Kwa mkono huu huu." Akaurudisha mkono ndani ya joho lake. Kwa sauti ya watu wote akasema, "Kichwa kiko sawa. Leteni kamba, lifungwe shada lisiteremke."

Pediano akapata tena pumzi, na kwa kuwa ni Pediano, akapata na maneno. "Tunaweza kufanya vizuri zaidi, bwana. Huyu mama analo jiwe jipya, safi, kubwa. Tutachonga kichwa kingine. Na likibaki, kuna raia mmoja mwaminifu ambaye..."

"Jiwe jipya?" mjumbe aligeuka. "La mji?"

"La mji, ndiyo. Yaani, litakuwa la mji."

"Kaisari wetu alilelewa shambani," alisema mjumbe. "Haoni raha ya sanamu. Anaona raha ya kodi. Nikimwambia mji huu unaweza kununua marumaru mpya wakati kichwa cha zamani kinatosha, ataniuliza hizo fedha zilikuwa zimejificha wapi wakati mkilia mavuno ni mabaya. Nimwambie mmenunua?"

"Hatujanunua," alisema Pediano. "Hatuna hata wazo la kununua. Jiwe ni la mjane. Nilikuwa nasema tangu zamani, jiwe lile ni la mjane."

Jioni ile ile Obelia aliliondoa gunia.

Alimchonga Mamerko kama alivyokuwa: masikio yale, ule upara wa kuanzia utosini, na ile namna yake ya kukaza midomo kama aliyebana msumari. Filero alishika taa. Siku za wafu zilipofika, jiwe lilikuwa limesimama kando ya njia nje ya lango, chungu kiko chini yake, mkate na chumvi mbele yake. Kando ya uso huo, bega kwa bega, Obelia aliacha mahali pake patupu.

Rustika alikuja na maua. Alilitazama jiwe akapangusa machozi, kisha akashindwa kujizuia. "Shoga, masikio hayo si yatawatisha nyumbu?"

"Ndivyo yalivyokuwa."

"Na lile jibu lako la mwenye pua kubwa? Bado?"

Obelia alifikiri. "Huyu wa sasa ni mchoyo," alisema. "Namwombea miungu imzidishie uchoyo."

Pediano naye alipita, akisindikizwa. Alisimama akatoa maoni kwamba fundi mwenye mtindo angemfanya Mamerko afanane kidogo na Kaisari, kama wafanyavyo watu wa heshima. Obelia alimshukuru kwa maoni. Alikuwa mwanamke mwenye adabu.

Miaka ilikwenda. Yule mkulima alitawala mpaka akafa kitandani, jambo ambalo mji ulikuwa umesahau kuwa linawezekana. Kichwa cha komamanga kiliendelea kutazama soko, na mashavu yale kisogoni yakaendelea kutazama ukuta, hakuna aliyeyakwangua. Pediano alizeeka akiwa mkuu wa baraza, akingoja uso wake uamuliwe.

Macho ya Obelia yalipoanza kuingia ukungu, alimpa Filero patasi zake, akakaa mbele ya lile jiwe nje ya lango, kwenye kiti, akatulia. Filero, mwenye mvi sasa, alimchonga kwa siku nyingi, na kila mara alipotaka kumpunguzia umri Obelia alimkataza. Uso ulipokamilika, Filero alisafisha nafasi iliyobaki chini ya nyuso mbili, pale ambapo watu huandika vyeo vyao na sifa zao, akamwuliza aandike nini.

Obelia alipapasa jiwe kwa vidole, kwanza masikio ya Mamerko, kisha pua yake mwenyewe.

"Andika hivi," alisema. "Wewe unayepita, nakuomba, usilichonge jiwe hili mara ya pili."